Mshika Tochi

Nyumbani kwetu Kilosa, kazi ya kushika tochi ilikuwa yangu. Kaka yangu akifungua redio ya baba, mimi nilichuchumaa pembeni nikimulika. Alikuwa na bisibisi moja iliyopinda ncha, na msumari mrefu alioupasha moto kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, ndio aliotumia kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. "Mulika hapa. Siyo hapo, hapa." Nilivijua vyote vilivyokuwamo ndani ya redio ile, rangi zake na mahali pake, bila kuwahi kugusa hata kimoja.

Siku niliyonyoosha mkono, shangazi yangu aliyekuwa anachambua mchele aliniwahi: "We mtoto, acha! Utaharibu vya watu." Kaka yangu aliharibu redio mbili kabla hajatengeneza ya tatu. Majirani walimwita mtundu, na kwa mtoto wa kiume neno hilo ni sifa. Msichana naye huitwa mtundu, lakini kwa mambo mengine, na anayeitwa hivyo huinamisha kichwa. Sijapata kusikia mtoto wa kike akisifiwa utundu kwa kufungua redio.

Simlaumu kaka. Hakuninyima bisibisi, hakufikiria kunipa, nami sikufikiria kumwomba. Ndivyo lilivyo jambo hili ninalotaka kulieleza. Halina mtu mbaya ndani yake, na kwa sababu hiyo huchukua miaka mingi kulitambua. Mimi nilifika kwenye uhandisi wa umeme nikiwa bado mshika tochi.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 2006, kwenye shule ya kata. Ule ulikuwa wakati wa MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, shule zikimea kila kata kama uyoga baada ya mvua. Nazishukuru shule zile kwa moyo wote, maana bila hizo ningeishia darasa la saba kama dada zangu wawili. Ila yetu ilikuwa na madarasa manne, ofisi moja na mwembe. Maabara haikuwapo. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa shule nzima, kijana mwenye bidii, na alituchorea ubaoni amita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme: duara, ndani yake herufi A. Kwa miaka minne amita kwangu ilikuwa hiyo, duara lenye herufi A. Mwaka 2009 tulifanya mtihani mbadala wa vitendo, ule unaojibiwa kwa kalamu tupu. Nilifaulu vizuri. Nikapangiwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kwenye shule ya bweni ya mchanganyiko, mkoa mwingine.

Kule maabara ilikuwapo, yenye meza ndefu za mbao na harufu ya gesi. Darasa letu la PCM lilikuwa na wanafunzi arobaini na wawili, wasichana sita. Mwalimu alitugawa makundi saba, na kwa nia njema kabisa akasema kila kundi lipate angalau msichana mmoja, wasichana wasijitenge. Kundi la saba halikupata. Siku ya kwanza ya vitendo wenzangu waliniangalia wakasema, "Wewe una mwandiko mzuri, uwe katibu." Na kweli mwandiko wangu ni mzuri. Nilifurahi. Wao wakafunga nyaya, wakasogeza, wakasoma namba kwa sauti, mimi nikachora jedwali kwa rula na kujaza. Kundi letu lilipata alama za juu kila wiki. Wasichana wote sita tulikuwa makatibu.

Mwaka huohuo alikuja mgeni mmoja, mama msomi, kutuhamasisha wasichana. Alitusimulia habari za Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971. Alitusimulia habari za Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari. Nilisisimka mpaka machozi yakanilenga, na usiku ule sikulala mapema. Wiki iliyofuata nilirudi maabara, nikachukua rula na kalamu, nikaketi mahali pangu pa ukatibu. Hotuba ilinigusa moyo, na mikono yangu ikabaki palepale.

Nilikuja kusoma baadaye sana kwamba Wangari Maathai, kabla ya miti na kabla ya Nobeli ya 2004, alikuwa mtu wa anatomia ya mifugo: kukata tishu vipande vyembamba, kuvitia rangi, kuinamia hadubini siku nzima. Natamani yule mgeni angetusimulia hilo pia. Tulimjua kama jina kubwa, na hakuna aliyetuonyesha vidole vyake.

Mtihani wa majaribio wa kidato cha sita ndio ulionifumbua macho. Kwenye mtihani hakuna kundi, unakaa na vifaa vyako peke yako. Nilipata mita briji. Asiyeijua, ni kifaa cha kupimia ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita: waya wa mita moja uliotandazwa juu ya ubao sambamba na rula, na unaugusa hapa na pale kwa kijiti chenye ncha, tulikiita joki, mpaka sindano ya galvanomita, kipimo cha mkondo mdogo wa umeme, itulie kwenye sifuri. Hapo ndipo panapokupa jibu. Kanuni nzima niliijua kwa kichwa, ningeweza kuiandika usingizini. Nikafunga saketi kama mchoro ulivyo. Nikagusa mwanzo wa waya: sindano ikalala kulia. Nikagusa mwisho: kulia. Katikati: kulia. Jasho lilinitoka mpaka karatasi ikalowa. Dakika zikaisha. Nilijaza jedwali kwa namba za kubuni, na zilikuwa na mwandiko mzuri.

Jioni ya siku ya pili nilimfuata fundi sanifu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, akifungafunga vifaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa meza ya nne. Nilikuona."

Nilimweleza kilichonipata. Hakunicheka. Alitoa mita briji ileile, akaiweka mezani na kusema: "Sindano ikilala upande mmoja popote unapogusa, kuna mahali umeme haupiti. Mahali hapo sikuonyeshi. Patafute." Kisha akaendelea na kazi zake za kusafisha chupa.

Ilinichukua kama dakika arobaini. Nilifungua kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka nikakuta skrubu moja nimeikaza juu ya plastiki ya waya badala ya shaba yenyewe. Nikamenya plastiki kwa wembe, nikakaza upya, nikagusa mwanzo: kulia. Nikagusa mwisho: kushoto! Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Yule mzee alitikisa kichwa tu akasema, "Sasa gusa kidogokidogo, usikwaruze, waya utachubuka na utakudanganya." Hilo la kutokwaruza nilikuwa nimeliandika kwenye daftari miezi mingi iliyopita. Siku ile ndipo nilipolijua.

Nilirudi kila Jumanne na Alhamisi jioni mpaka mtihani wa taifa. Sharti lake lilikuwa moja, nirudishe kila kitu mahali pake. Mzee yule hakuwahi kunipa hotuba hata siku moja. Kila nikikumbuka nani alinifanya niwe mhandisi, namkumbuka yeye kwanza.

Mwaka 2012 nilianza uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Chuo sikisimulii sana, tulisoma kama wote wanavyosoma. Niseme jambo moja tu, kuhusu wasichana walioingia uhandisi kabla yetu kupitia kozi maalumu ya awali ya wasichana iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 2000. Waliokosa alama kidogo walipigwa msasa wa hesabu, fizikia na kemia, wakapewa mtihani, waliofaulu wakaingia. Watu waliwasema kwamba wamebebwa. Nimefanya kazi chini ya mmoja wao. Ndani ya chuo alifanya mitihani ileile waliyofanya wavulana, na leo mitambo anayoisimamia haimwulizi aliingia kwa mlango gani. Mlango wa pili kwa aliyesoma fizikia chini ya mwembe si upendeleo.

Likizo za chuo tulikwenda mafunzo kwa vitendo. Mahali nilipopangiwa, fundi mkuu alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Asubuhi ya kwanza gari la kazi likitaka kuondoka, aliniambia: "Dada, kule juu jua kali na nguzo hazina ngazi nzuri. Wewe kaa hapa kwenye kivuli, utatuandikia ripoti." Wenzangu wavulana wakapanda gari. Ukali labda ungeniudhi nikabishana nao. Wema ulinilegeza. Nikakaa wiki nane kwenye kivuli, nikichapa ripoti za kazi ambazo sikuziona, na mwisho wakanipa barua nzuri ya kunisifu. Tochi, kalamu, kompyuta: kifaa kilibadilika, kazi yangu ikawa ileile.

Baada ya kuhitimu niliingia SEAP, mpango wa miaka mitatu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi unaomnoa mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Kila siku unaandika ulichofanya kwenye kitabu cha kumbukumbu, na msimamizi anakipitia na kutia sahihi. Wangu alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya. Miezi mitatu ilipotimia alikaa na kitabu changu, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungushia maneno. Akanigeuzia.

"Soma nilipozungushia."

Nikasoma. Nilishuhudia. Nilisaidia. Niliandaa ripoti. Nilishuhudia. Nilihudhuria. Nilishuhudia.

"'Nilifanya' iko wapi?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Niliona haya, lakini haya yale yalikuwa na faida, maana kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameniwekea mezani jambo nililoishi nalo tangu utotoni. Akaniambia kesho kuna transfoma ya kupimwa, naye ndiye atakayeandika.

Nakumbuka kila hatua ya siku ile. Transfoma ya kilovolti 11, chini ya nguzo mbili, nyuma ya soko. Umeme ukakatwa, kufuli ikafungwa, funguo nikatia mfukoni mwangu mimi. Nikahakikisha hakuna umeme, nikaunga waya wa ardhini. Kabla ya kupima nikaizunguka kwa macho, nikaona kopo la silika geli, chembe za kufyonzea unyevu. Chembe zake zikiwa kavu ni za buluu, hizi zilikuwa zimegeuka pinki. Nikamwambia, "Imevuta unyevu." Akaandika, hakusema neno. Nikaunganisha mega, mashine ya kupima uimara wa insulesheni, yaani kile kinachozuia umeme kuvuja, nikaondoa ule waya wa ardhini kwenye koili ninayoipima, nikabonyeza, nikahesabu sekunde. Kwenye transfoma isiyo na hitilafu namba hupanda taratibu, kama maji yanavyojaa ndooni kutoka bomba dogo. Hii ilipanda kidogo ikasimama. Unyevu kweli. Baada ya kupima nikaiunga tena koili ile na ardhi, maana hubaki na umeme uliojificha hata baada ya kuzima mashine, na umeme huo unaweza kukuangusha. Mikono ilikuwa inatetemeka, na nilifanya vilevile.

Usiku nikaandika kitabuni: Nilipima. Nililitazama neno lile muda mrefu.

Glovu nilizovaa siku ile zilikuwa kubwa, vidole vilining'inia. Naligusa hili kwa haraka ingawa lina uzito wake: ovaroli za kiume zinazoburuzika, buti ambazo saizi ndogo kabisa stoo ni namba nane, na glovu za umeme mkubwa zisizokutosha, ambazo ni hatari, maana huwezi kuikamata nati vizuri. Na choo. Sehemu nyingi za kazi zetu hazina choo, kwa hiyo mafundi wa kike hawanywi maji kutwa nzima juani. Mwenye kampuni anayesema "wasichana hawadumu kwenye kazi hizi" aanze kwa kuuliza wanajisaidia wapi.

Sasa nije kwenye shule. Tangu mwaka juzi nakwenda kwenye shule moja ya kata hapa mkoani Morogoro, Jumamosi mbili kwa mwezi. Jengo la maabara lipo, moja ya yale yaliyojengwa nchi nzima kwa agizo la enzi za Rais Kikwete, wananchi wakichanga matofali na fedha. Vifaa vipo, vimefungiwa kabatini. Mkuu wa shule anaogopa vikivunjika ataulizwa yeye, na namwelewa. Nikanunua Kariakoo vipimo sita vya umeme vya bei nafuu, vile tunavyoviita mita, nikaomba betri mbovu za pikipiki kwa bodaboda, taa na mabaki ya nyaya kazini, tukaanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa saa. Niliweka saa tatu asubuhi. Wavulana walijaa, wasichana wakaja wawili, halafu mmoja. Nilikaribia kuamini kwamba hawapendi. Mimi, niliyetoka kulekule! Mpaka mama mmoja muuza mandazi aliponijibu kwa utaratibu kabisa: "Mwalimu, Jumamosi asubuhi wangu anafua, anachota maji, anaangalia wadogo zake wakati mimi niko gengeni. Sijamkataza." Tukahamishia saa tisa alasiri. Wakaja kumi na saba.

Siku waliyojaa niliwagawa makundi ya mchanganyiko, kila kundi mita moja na daftari moja, nikakaa pembeni bila kusema neno. Haikupita dakika moja. Katika makundi yote sita mita ilikuwa mkononi mwa mvulana, na daftari kwenye mapaja ya msichana. Hakuna aliyenyang'anywa. Walipokezana kwa adabu, kama watu wanaojua kila mmoja anakaa wapi mezani. Kifua kilinibana.

Tangu hapo tuna sheria moja: aliyeandika leo haandiki Jumamosi ijayo, na asiyeandika lazima ashike. Wavulana walinung'unika wiki mbili. Kisha ikaonekana kwamba wengi wao hawajui kuchora jedwali wala kuweka vizio, nao walikuwa wakifeli mitihani kwa hilo. Walimu wanaonisoma, jaribuni hili hata kama mna amita moja tu shuleni. Halihitaji bajeti.

Kuna msichana wa kidato cha pili, mkimya, aliyekuwa akishika mita kwa ncha za vidole kana kwamba imekopwa. Alasiri moja nilimwona ameweka kitufe kwenye kupima mkondo, kisha akagusisha waya mbili moja kwa moja kwenye ncha za betri. Anayejua ameshajua kilichotokea. Kioo kikawa sifuri. Akaiweka mita chini, akarudisha mikono nyuma ya mgongo, akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, nimeharibu." Mvulana wa kundi lake akafungua mdomo. Nikamtazama, akafunga.

"Fungua mgongo wa mita," nikamwambia yule binti.

"Mimi?"

"Wewe. Bisibisi hiyo hapo."

Skrubu mbili. Akakuta kichupa kidogo cha kioo, ndani kimeungua cheusi. Nikamwambia kinaitwa fyuzi, kazi yake ni kufa ili mita isife. Akakichomoa, akakimulika kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza. Akaweka kipya, akafunga, akapima volti za betri: kumi na moja nukta nane. Kisha akauliza swali ambalo kwa miezi minne hakuna aliyekuwa ameniuliza: kwa nini ukipima volti fyuzi haiungui, na ukipima mkondo kwa kugusa vilevile inaungua? Tulikaa kwenye swali lile mpaka giza likaanza kuingia. Anayeweza kulijibu ameuelewa ukinzani kuliko nilivyouelewa mimi nilipofaulu kidato cha nne.

Nafurahia sana shule za sayansi za wasichana ambazo serikali imezijenga kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, moja kwa kila mkoa, mikoa 26 ya Bara. Kule hakuna mvulana wa kumkabidhi mita. Nafurahia pia ufadhili wa Samia, ulioanza 2022, unaowasomesha vyuoni waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita. Lakini wasichana wengi wa nchi hii bado wako kwenye shule za kata, pamoja na wavulana, na wengi wanaachana na fizikia kabla hawajashika kitu. Kila tarehe 11 Februari, siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, naalikwa kuzungumza mahali. Huwa nakwenda, kwa sababu namkumbuka yule mama mgeni na machozi yangu. Siku hizi naomba nipewe meza badala ya kipaza sauti, nakwenda na mfuko wa nyaya, na anayekaa mbele yangu anamenya waya kabla sijataja jina langu.

Januari nilinunua fyuzi ishirini. Jumamosi iliyopita nilizihesabu: zimebaki sita. Kati ya zile kumi na nne zilizoungua, tisa wameziunguza wasichana, na kila mmoja amebadilisha ya kwake. Mwisho wa mwezi nakwenda Kariakoo, nitachukua pakiti mbili.